Kiasi cha pombe hupanda na kushuka: Ufaransa, Uingereza na msimu wetu wa korosho

Hotuba kwa wanachama wa chama cha msingi cha ushirika, Newala, majuma machache kabla ya mnada wa kwanza

Mwenyekiti wa chama chetu, ndugu mtendaji wa kata, masheikh na wachungaji mliofika, wazee wangu, akina mama, na vijana wa bodaboda mliosimama pale nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti aliponiita aliniambia, "Daktari, njoo uongee juu ya pombe, lakini usituhubirie." Nimekubali. Mahubiri yana wenyewe na wamekaa hapa mbele. Mimi ni tabibu mstaafu, nimefanya kazi katika vituo vya afya vya mkoa huu na mkoa wa Lindi, nami nimekuja na hesabu. Nimekuja na habari za nchi mbili za mbali, Ufaransa na Uingereza. Nimezichagua kwa sababu zimeweka kumbukumbu za unywaji wao kwa miaka mingi, na kwa sababu yaliyowapata yanajibu neno ambalo nalisikia kila ninapokaa barazani, iwe hapa, iwe Tandahimba, iwe Masasi au Nachingwea. Neno lenyewe ni hili: "Sisi watu wa kusini ndivyo tulivyo. Mabibo yapo, uraka upo, utafanyaje?"

Bibo ndilo tunda la mkorosho, na uraka ndiyo pombe ya maji yake. Nataka tulitazame neno hilo leo, tuone kama lina ukweli.

Kwanza tuelewane kipimo. Ukitaka kulinganisha nchi na nchi huwezi kuhesabu chupa, maana chupa ya bia si sawa na chupa ya mvinyo, na kopo la uraka si sawa na kikombe cha nipa, ile kali inayotoneshwa. Kinachohesabiwa ni kilevi chenyewe kilichomo ndani, maji yote yakiwa yameondolewa. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Kwa hiyo bia 40 zinakupa lita moja ya kilevi kitupu. Wataalamu wanajumlisha kilevi chote kilichouzwa nchini kwa mwaka, wanagawanya kwa watu wote wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, anayekunywa na asiyekunywa. Shikeni hapo tu: bia 40, lita moja. Mengine yatafuata.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati sisi tunapata uhuru wetu, Ufaransa ilikuwa inakunywa takriban lita 26 za kilevi kwa kila mtu mzima kwa mwaka. Zidisheni kwa 40. Ni zaidi ya bia elfu moja. Ni kama bia tatu kila siku ya Mungu, kwa kila mtu, pamoja na bibi kizee asiyegusa na mgonjwa aliyelala hospitalini. Sehemu kubwa ilikuwa mvinyo. Mvinyo ulikuwa chakula. Mkulima alikwenda nao shambani asubuhi, fundi alikunywa kazini, na mtoto alipewa mezani ukiwa umechanganywa na maji. Hadi mwaka 1956 mtoto mdogo wa shule aliweza kuwekewa mvinyo kwenye chakula cha mchana shuleni. Mwaka huo ndipo serikali ilipokataza kwa watoto walio chini ya miaka 14. Kwa wakubwa wa sekondari, katazo lilikuja mwaka 1981.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Waingereza miaka hiyo hiyo walikuwa wanakunywa chini ya lita 7. Mfaransa alimzidi Mwingereza zaidi ya mara tatu. Ungemuuliza mtu yeyote wa Ulaya wakati ule, angekwambia jambo hilo liko katika damu: Mfaransa ni mtu wa mvinyo, Mwingereza ni mtu wa chai. Ndivyo walivyo.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mfaransa akaanza kushuka, mwaka hadi mwaka, bila kupumzika. Mwingereza akaanza kupanda. Kufika mwaka 2004 Uingereza ilikuwa imefika zaidi ya lita 11. Leo nchi hizo mbili zimekaa karibu karibu, kwenye lita 10 au 11 hivi kila moja. Mtu aliyezaliwa mwaka 1950 na yuko hai ameona yote hayo kwa macho yake. Damu ya Wafaransa haikubadilishwa, na mizabibu bado inalimwa kwao.

Uingereza nayo ilikuwa imeshapita huko nyuma katika hali nyingine. Msidhani walikuwa watu wa chai tangu Adamu. Katika karne ya 18 maskini wa London walikuwa wakiangamia kwa jini, pombe kali ya bei rahisi iliyouzwa kila uchochoro, hadi Bunge likatunga sheria baada ya sheria, na ile ya mwaka 1751 ndiyo iliyoshika. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, baa za London ziliruhusiwa kufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa sita na nusu usiku. Mfanyakazi alipita kilabuni akienda kazini. Vita vilipoanza, viwanda vya silaha vikawa vinazalisha pungufu, na mwaka 1915 Lloyd George, aliyekuwa waziri katika serikali ile, alisimama akasema kwamba wanapigana na Ujerumani, na Austria, na pombe, na katika maadui hao watatu aliye mkubwa zaidi ni pombe.

Wakafanya nini? Hawakupiga marufuku. Hili nataka akina mama mlisikie vizuri, kwa sababu najua wengi wenu mngependa nitamke neno marufuku. Walipunguza saa. Katika maeneo mengi baa iliruhusiwa kuuza saa tano na nusu tu kwa siku: kuanzia saa sita mchana hadi saa nane na nusu, kisha kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa tatu na nusu usiku. Wakapandisha kodi, na bia ikafanywa nyepesi. Mwaka 1913, England na Wales, watu waliotiwa hatiani kwa ulevi walikuwa takriban 189,000. Mwaka 1918 walikuwa takriban 29,000. Ni kweli wanaume wengi walikuwa vitani, lakini hata vifo vya wanawake kwa ugonjwa wa ini vilishuka, na wanawake hawakwenda mahandakini. Na ule utaratibu wa kufunga baa mchana uliendelea hata baada ya vita, ukadumu hadi mwaka 1988.

Hapa mzee mmoja mstari wa pili aliomba neno. Akasema: "Daktari, hao walibanwa na vita. Sasa unataka na sisi tuletewe vita ndiyo tupunguze?" Watu walicheka, lakini swali ni zuri sana na nitalijibu kwa mfano mwingine wa vita kwanza, kisha wa amani.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani waliikalia Paris. Mvinyo ukagawiwa kwa mgao, lita chache tu kwa mtu. Mzee, kabla ya mgao huo kushika sawasawa, mwaka 1941, kati ya kila watu 100,000 wa Paris walikuwa wanakufa 35 kwa mwaka kwa ini lililosinyaa. Kufika mwaka 1945 na 1946 walikuwa wanakufa 6. Kutoka 35 hadi 6. Hakuna dawa mpya iliyopatikana. Hospitali hazikuwa bora, zilikuwa na hali mbaya kuliko zamani. Na waliookoka ni walewale ambao kila mtu mtaani alikuwa amekwisha kuwakatia tamaa, akisema fulani huyo pombe imeshamshinda. Kumbe fulani huyo naye, pombe ikiwa adimu kwa wote, anakunywa kidogo, na ini lake linapata nafasi ya kupumua. Mimi katika maisha yangu ya kazi sijasoma hesabu iliyonipa matumaini kuliko hiyo. Ugonjwa ule tunauona kama hukumu iliyokwisha kuandikwa. Siyo.

Na vita vilipokwisha, mvinyo ukarudi, na vifo vikarudi. Hapo ndipo Wafaransa walipolazimika kushughulika na jambo hili wakiwa katika amani, mzee wangu, na ndiyo sehemu inayotuhusu sisi kabisa. Waziri Mkuu wao, Pierre Mendès France, mwaka 1954 alianzisha utaratibu wa kuwapa watoto maziwa shuleni, na watu wakamkejeli sana kwa hilo. Waziri Mkuu wa nchi ya mvinyo anakunywa maziwa hadharani! Lakini alikuwa ameona kwamba mazoea ya mtu mzima yanaanzia mezani utotoni.

Kisha wakagusa jambo gumu zaidi. Ufaransa ilikuwa na wakulima wa matunda, zaidi ya milioni 3 wakati fulani, waliokuwa na haki ya zamani ya kutonesha pombe kali kutokana na matunda ya mashamba yao wenyewe, hadi lita 10 za kilevi kitupu, bila kulipa kodi. Mtufaha wako, plamu zako, mtambo unaletwa kijijini, unatonesha pombe yako. Naona mnatazamana. Naam, mmeelewa naongea habari gani. Ni bibo tu ndilo halikuwapo.

Hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuwagusa wale wakulima, kwa sababu walikuwa ni kura nyingi. Mwaka 1960 serikali ikapata njia yake. Ikasema: mwenye haki abaki nayo mpaka mwisho wa uhai wake, hatumnyang'anyi, lakini hatamrithisha mwanawe. Wazee wakaendelea kutonesha. Vijana wakakua bila haki hiyo. Kadiri wazee walivyopungua, mitambo nayo ikapungua. Sisemi kwamba sisi tuige kila herufi. Nasema angalieni busara yake: hawakumvunjia heshima mzee, na hawakumwachia mjukuu mzigo ule.

Mengine yalikuja yenyewe. Vijana walihama mashambani wakaenda viwandani na maofisini, na mtu anayeendesha mashine hawezi kukaa na chupa pembeni. Waliobaki wakaanza kunywa mvinyo kidogo lakini mzuri zaidi, siku za sikukuu badala ya kila siku. Mwaka 1980 takriban nusu ya Wafaransa watu wazima walikunywa mvinyo kila siku au karibu kila siku. Mwaka 2015 hawakufika hata mmoja kati ya watano. Na mwaka 1991 ikaja sheria inayoitwa kwa jina la waziri wa afya wa wakati huo, Claude Évin, iliyokataza matangazo ya pombe kwenye televisheni na sinema. Wenye kupenda mpira watakumbuka Kombe la Dunia la mwaka 1998 lilifanyika Ufaransa, Zidane akafunga mawili ya kichwa fainali. Mabango ya bia hayakuruhusiwa pembeni ya uwanja, na kombe lilichezwa, na lilinoga.

Nisiwafiche kwamba kulikuwa na maumivu. Kule kusini mwa Ufaransa wakulima wa mvinyo wa bei rahisi walipoteza soko, waliandamana, kukawa na watu waliouawa mwaka 1976, na baadaye mashamba mengi ya mizabibu yaling'olewa. Watu walioishi kwa pombe waliumia pombe ilipopungua. Nitarudi hapo, kwa sababu hata hapa ukumbini wapo akina mama waliosomesha watoto kwa nipa, na sitaki kuongea kama hawapo.

Uingereza nayo ilipandaje? Kwa kulegeza kidogo kidogo. Miaka ya 1960 maduka makubwa yakaanza kuuza pombe pamoja na mkate na sabuni. Kipato kikapanda, bei ya pombe ikawa nyepesi mfukoni. Mwaka 1988 baa zikaruhusiwa kufunguliwa mchana kutwa. Kukaja vinywaji vitamu vya rangi rangi vilivyowanasa vijana. Hakuna siku hata moja ambayo Mwingereza aliamua, "Sasa tuwe walevi." Lakini maini yaliandika yote. Kati ya miaka ya 1987 hadi 1991 na ile ya 1997 hadi 2001, vifo vya wanaume kwa ini kusinyaa huko Scotland, kaskazini mwa Uingereza, viliongezeka zaidi ya mara mbili. England na Wales viliongezeka kwa zaidi ya theluthi mbili. Ufaransa, ile nchi iliyokuwa mfano mbaya wa dunia nzima, vilikuwa vinashuka.

Scotland iliposhtuka ikafanya jambo la kijasiri. Bunge lao lilipitisha mwaka 2012 kwamba pombe isiuzwe chini ya bei fulani kulingana na kilevi kilichomo. Watengenezaji wa wiski wakaenda mahakamani, kesi ikachukua miaka, serikali ikashinda, na bei ikaanza kutumika Mei 1, 2018. Tathmini iliyotolewa mwaka 2023 ilionyesha vifo vinavyotokana moja kwa moja na pombe vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 13 kuliko ambavyo vingekuwa.

Sasa turudi nyumbani.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba Mtanzania mzima mmoja alikuwa anakunywa wastani wa lita 9.4 za kilevi kwa mwaka. Uganda 9.5. Mtu akisikia hivyo atasema, basi, tuko sawa na Waingereza. Hapana. Tuko pabaya kuliko wao, na sababu ni hii: zaidi ya nusu ya watu wazima wa Tanzania hawanywi kabisa. Tazameni hapa tulipo. Masheikh hawanywi, wanakwaya wengi hawanywi, akina mama wengi hawanywi. Kule Uingereza na Ufaransa wengi wanakunywa, kila mmoja kidogo chake. Kwetu lita zote zile zinabebwa na watu wachache. Ukigawanya lita 9.4 kwa wale wanaokunywa tu, kila mmoja anapata zaidi ya lita 18. Huyo anaikaribia Ufaransa ya miaka ya 1960 kuliko Ufaransa ya leo. Na nyingi ya lita hizo hazina lebo, hazilipiwi kodi, hazipimwi nguvu yake na mtu yeyote.

Na hapa kwetu zina msimu. Mnajua wenyewe. Mabibo yanaanza kuanguka, yanaokotwa, korosho inanyofolewa inakwenda kuanikwa, bibo linakwenda kwenye kinu. Maji yake asubuhi ni matamu, mtoto anakunywa. Jioni ni uraka. Yanayobaki yanavundikwa, yanapikwa, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa majini, na upande wa pili inadondoka nipa, tone kwa tone. Mabibo mengine yanaanikwa yakauke, ili hata mwezi wa tano, wakati mwembe na mkorosho havina tunda, mtambo uwe na kazi. Kisha mnada unafanyika, malipo yanaingia, na fedha na pombe vinafika kijijini wiki moja. Bahati mbaya kubwa ya mkulima wa korosho ni hiyo: pombe inakuwa rahisi siku ileile mfuko unapokuwa mzito.

Nitawaeleza nilichokiona kituoni, si mara moja. Ni Novemba au Desemba. Bodaboda inaleta mwanamume, katikati ameshikwa na mkewe asianguke. Macho ni ya njano. Tumbo limejaa maji, fulana imepanda haifiki kiunoni, miguu imekauka imebaki mifupa. Umri wake hata arobaini hajafika. Mke anafungua pindo la kanga, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni stakabadhi ya korosho. Anauliza kama kituo kinaweza kuipokea iwe dhamana ya matibabu, kwa sababu malipo ya mnada wa kwanza mume ameshayamaliza, na ya mnada wa pili bado hayajaingia. Wakati mwingine hata stakabadhi hana, maana korosho zilikwenda kwa kangomba, wale wanunuzi wa pembeni nje ya chama, tangu mwezi wa saba, zikiwa bado ni maua, kwa bei ya kutupa, ili ipatikane ya kwenda kilabuni. Huyo mama mimi nilimpa kiti, nikamsikiliza. Ini la mumewe sikuwa na uwezo wa kulirudisha. Ndiyo maana nimestaafu lakini sijanyamaza.

Mtasema, Daktari, sheria zipo. Ni kweli. Gongo, ambayo nipa yetu ni aina yake, imekatazwa na sheria tangu mwaka 1966, na sheria ya vileo ya mwaka 1968 inaweka saa za kufungua vilabu. Miaka yote hiyo sheria iko kitabuni na nipa iko kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Katazo peke yake, kwa kitu kinachoota juu ya mti uani, halifiki mbali. Linampa askari kazi siku moja, na keshokutwa mtambo uko porini zaidi. Lakini tuna mfano mmoja wetu wenyewe wa katazo lililofanya kazi. Mnakumbuka viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali. Kila kioski, kila kituo cha basi, mtoto wa shule anakatisha na chenji yake anapata. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mtu wa Ruangwa hapo jirani zetu, alitangaza, na kuanzia Machi 1, 2017 viroba vikakatazwa. Mlevi mzoefu alipata njia nyingine, sikatai. Lakini mtoto hakutani tena na pombe kali kwenye kioski pembeni ya peremende. Katazo lile liliwezekana kwa sababu viroba vilitoka kiwandani. Nipa inatoka nyuma ya nyumba, kwa hiyo dawa yake iko nyuma ya nyumba, kwa wenye nyumba.

Kwa hiyo naomba niweke mbele ya mkutano huu mambo ambayo yako ndani ya uwezo wa chama na serikali ya kijiji, bila kumsubiri mtu wa Dodoma.

La kwanza ndilo nalolijali kuliko yote: saa. Katika kipindi cha minada, vilabu vya kijiji visifunguliwe asubuhi. Mkutano wa kijiji una uwezo wa kupendekeza sheria ndogo, na mtendaji yuko hapa anaweza kutuambia njia yake. Waingereza walipofunga mlango wa asubuhi, walevi hawakuandamana mpaka serikali ianguke. Walikwenda kazini. Hapa kwetu mtu aliyeanza uraka saa mbili asubuhi, saa sita yuko kwenye nipa, na hakuna mke, shemeji wala mjomba atakayemzuia tena siku hiyo. Anayeanza jioni amekula, amefanya kazi, na usiku utamrudisha nyumbani.

La pili, fedha. Malipo siku hizi yanapita benki, na hilo limesaidia. Naomba chama kiwashauri wanachama wafungue akaunti mume na mke pamoja, na kwamba mwanachama anayetaka sehemu ya fedha yake izuiliwe hadi Januari, kwa ajili ya ada, salfa na palizi, aweze kuandika hivyo mapema, akiwa mzima, kabla ya mnada. Wapo wanaume waliowahi kuniambia kwa midomo yao, "Daktari, ningepata mtu wa kunishikia." Tumshikieni.

Watoto. Nimeona mtoto wa darasa la pili ametumwa na galoni. Nimeona kwenye sherehe za kuwatoa wali wa jando mtu mzima anamwonjesha mvulana na watu wanapiga vigelegele. Wafaransa walitoa chupa kwenye meza ya shule mwaka 1956 na matunda yake waliyaona baada ya miaka ishirini, thelathini. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji wazee wa jando na makungwi wakae siku moja waamue, na wao wakiamua hakuna atakayebisha, kwa sababu katika mambo hayo kauli yao inazidi ya mkuu wa wilaya.

Na sasa kwa mama zangu mnaopika. Nasema nanyi kwa heshima. Najua kilo ya sukari imekuwa bei gani na najua sare za shule zilitoka wapi. Mtu akikuambia uache bila kukuonyesha pa kushika, amekutukana. Bibo ni zito mara nyingi kuliko korosho inayoning'inia chini yake, na kila msimu tunaacha mabibo mengi mno yaozee shambani. Naliendele, pale kwenye kituo cha utafiti wa korosho, wanafundisha kutengeneza juisi na jamu ya bibo. Tatizo ni chupa, soko na mtaji wa mwanzo. Hapo ndipo chama kinapotakiwa kuingia. Tunakatwa makato kwa mambo mengi katika kila kilo. Naomba mkutano huu ujadili kama senti kadhaa katika makato yetu wenyewe zinaweza kuwa mtaji wa kikundi cha akina mama wanaotaka kutoka kwenye nipa kwenda kwenye juisi, wakianza na wale wenye watoto sekondari. Wakulima wa mizabibu wa kusini mwa Ufaransa waliachwa waandamane peke yao kwanza ndipo wakasaidiwa, na kuna waliokufa. Sisi tuna nafasi ya kuanza na msaada.

Mzee wangu wa mstari wa pili, bado unatikisa kichwa, na nakuheshimu. Umesema pembeni, nimekusikia, kwamba babu zetu walikunywa tembo na hawakufa macho ya njano. Ni kweli kabisa. Tembo la mnazi ni jepesi, linakaa siku moja linachacha, na lilinyweka jioni, wazee wakiwa wamekaa pamoja, likiisha limeisha. Babu zetu walikuwa na saa zao, walikuwa na watu wa kunywa na watu wasioruhusiwa, na kijana asiyeoa hakuthubutu kushika kata mbele ya wakwe. Huo ulikuwa utaratibu, na haukuandikwa na bunge lolote. Uliwekwa na watu wa hapa hapa.

Mwenyekiti, maombi yangu ni hayo matatu na hilo la akina mama. Nimeyaandika kwenye karatasi, nimempa katibu. Naomba hoja ya saa za vilabu ipigiwe kura leo, kabla watu hawajaenda kula, kwa maana minada ikianza hatutakusanyika tena idadi hii hadi Februari. Na yule mama mwenye kitenge cha kijani amenyoosha mkono muda mrefu. Apewe kipaza sauti.